Malori ya majini: shajara ya kutafuta CCBA

15 Januari 2022, Kampala

Shule zimefunguliwa Jumatatu, baada ya karibu miaka miwili ya watoto kushinda nyumbani. Leo asubuhi nimekunywa chai mpaka ikaisha bila mtu kuniuliza sehemu ya desimali inaandikwaje. Sina kisingizio tena.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kampuni yetu ni ya uwakala wa forodha: ofisi kuu iko hapa Kampala, tawi kubwa liko Malaba, mpakani na Kenya. Mwezi uliopita tulikosa kazi ya mteja mmoja mnono. Kwenye masharti yake kulikuwa na mstari unaotaka mchambuzi wa biashara mwenye cheti cha kitaaluma. Bosi akaniita. "Si ndiyo kazi unayofanya wewe?" Nikasema ndiyo. "Haya, cheti kiko wapi?"

Cheti sina. Nina miaka sita ya kuitwa "yule wa mifumo". Kazi yangu ni kukaa katikati: huku makarani wanaolalamika, kule vijana wa programu wanaosema mbona inafanya kazi, na juu yetu bosi anayetaka kila kitu kiwe kimekwisha jana. Kumbe kazi hiyo ina jina, ina taasisi yake na mitihani yake. Taasisi ni IIBA, yaani taasisi ya kimataifa ya uchambuzi wa biashara, iliyoanzishwa Toronto, Kanada, mwaka 2003. Ina ngazi tatu kuu za vyeti. ECBA ni ya anayeanza. CCBA inataka saa 3,750 za kazi ndani ya miaka 7 iliyopita. CBAP inataka saa 7,500 ndani ya miaka 10. Kuna pia PMI-PBA ya wale jamaa wa usimamizi wa miradi, nimeitazama nikaiacha, kwa sababu mteja wetu alitaja IIBA kwa jina.

Nitajaribu CCBA. ECBA ingekuwa rahisi zaidi, lakini bosi akisikia neno "anayeanza" atanikata mshahara.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyoanzia kazi, pale Malaba, ambako dereva wa Mombasa, karani wa Tororo na mchuuzi wa Bungoma hawana lugha nyingine ya kugombania bei. Nimetafuta mtu wa kwetu aliyeisimulia safari hii kwa lugha hii, sikuambulia kitu.

29 Januari

Wiki mbili, kazi sifuri. Foleni ya malori mpakani imekuwa balaa kwa sababu ya upimaji wa korona kwa madereva, wateja wanapiga simu usiku, petroli mjini imepanda na boda wa kunipeleka Nakawa anataja nauli kama anauza pikipiki yenyewe. Nimelipa ada ya uanachama, basi. Mwanachama hupewa kitabu chao, BABOK, toleo la 3 la mwaka 2015, kwa PDF. Nimekifungua kwenye simu ndani ya taksi, nikasoma ukurasa mmoja mara nne.

13 Februari

Leo nimehesabu saa. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nimeanza saa tatu asubuhi, sasa ni saa mbili usiku.

Hawataki useme tu "nimefanya kazi miaka sita". Unaorodhesha mradi baada ya mradi, kisha kila mradi unaupasua: saa ngapi zilikwenda kwenye eneo gani la maarifa. Maeneo ni 6, na ndani yake kuna kazi 30. Nimeyapa majina yangu ya Kiswahili ili nisipotee. Kupanga uchambuzi. Kuchimbua mahitaji, yaani yale ambayo mfumo unatakiwa kuyatimiza, na kushirikiana na wadau. Kutunza mahitaji tangu yazaliwe mpaka yastaafu. Kuchambua mkakati. Kuchanganua mahitaji na kuyachorea suluhisho. Mwisho, kupima suluhisho likishaanza kutumika. Katika saa zako lazima uwe na angalau 900 kwenye kila moja ya maeneo mawili, au 500 kwenye kila moja ya maeneo manne.

Nilifungua jedwali la Excel nikamimina kila kitu. Mfumo wa mafaili wa 2019. Kazi ya EFRIS, wakati URA, mamlaka yetu ya mapato, ilipoanza kudai ankara za kielektroniki Januari 2021 na sisi tukakesha kuunganisha mfumo wetu wa malipo na wa kwao. Jumla ikaja saa 5,640. Nikajipongeza, nikatoka kununua rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, ya mayai mawili.

Niliporudi nikasoma masharti kwa utulivu, na raha ikaishia hapo. Kufundisha makarani kubofya vitufe si uchambuzi: saa 420 nje. Zile wiki za 2018 nilizokuwa naingiza takwimu kwa mkono kwa sababu karani alikuwa kwenye likizo ya uzazi: saa 700 nje. Kufukuzana na watoa huduma, kuandika bajeti, kuitisha vikao, hiyo ni kazi ya meneja wa mradi: saa 610 nje. Zimebaki 3,910. Nimevuka mstari kwa saa 160.

Mgawanyo ndio ulionikalisha kimya. Kuchimbua mahitaji 1,260. Kuchanganua na kuchorea suluhisho 1,410. Kupima suluhisho 460. Kutunza mahitaji 310. Kupanga 290. Mkakati 180. Maeneo mawili yana zaidi ya 900, kwa hiyo ombi litapita. Ila ukilitazama jedwali unamwona mtu anayeuliza sana na kuchora sana, na akishamkabidhi kijana wa programu mchoro wake, hageuki nyuma.

12 Machi

Ombi limekwenda. Zile saa 21 za mafunzo ndani ya miaka 4 nilizipata kwenye kozi ya mtandaoni, mwalimu wake anazungumza kama anakimbizwa. Wadhamini wawili: bosi, na mteja mmoja wa zamani ambaye alinijibu baada ya siku tisa kwa neno moja, "Sawa". Malipo ni ya dola, kwa kadi ya benki. Kadi ilikataa mara mbili. Yaliyobaki hayana hadithi.

19 Machi

Limekubaliwa. Nina mwaka mmoja wa kufanya mtihani: maswali 130 ya kuchagua jibu, saa 3. Hiyo ni sekunde 83 kwa swali, na mengi ni ya kisa, unapewa aya nzima ya matatizo ya kampuni fulani kisha unaulizwa mchambuzi afanye nini.

16 Aprili, Malaba

Nimekuja tawini kwa siku tatu. Kikazi nimekuja kukagua kompyuta mpya. Kwa siri nimekuja kufanya mazoezi. BABOK ina mbinu 50, mojawapo ni uangalizi: unakaa na mtu akifanya kazi yake, unatazama. Unaweza kunyamaza mpaka mwisho ndipo uulize, au ukauliza hapohapo. Nikaamua kunyamaza.

Nimekaa na Hajati. Ndiye karani mkongwe kuliko wote pale, aliyenifundisha mimi kuandika hati ya mpito nilipokuwa kijana wa chuo mwenye viatu vilivyochongoka. Ni Ramadhani, kwa hiyo hata chai hakuna. "Leo huna bahati mwanangu," akasema, akafungua mfumo wetu. Mfumo wangu, niseme. Mahitaji yake niliyaandika mimi mwaka 2019.

Akafungua faili jipya la kontena lililoko bandarini Mombasa. Akajaza mwenye mzigo, akajaza namba ya kontena, akafika kwenye kisanduku cha namba ya lori, ambacho ni cha lazima. Hapo akavuta droo, akatoa kaunta buku lenye jalada jeusi, kona zimeliwa. Akalamba kidole, akafunua mpaka ukurasa wa mwisho, akasoma mstari, akarudi kwenye kompyuta akaandika: JIN 008C. Kisha kwa penseli akaandika kwenye daftari JIN 008C, na mbele yake namba ya faili, na mbele yake akaacha nafasi.

Nilishindwa kunyamaza. "Hajati, JIN ni namba za wapi?"

"Za majini," akasema bila kugeuka.

Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini maji yanachemka. Tangu 2014, kwenye Himaya Moja ya Forodha, mzigo wa Uganda unashughulikiwa ukiwa bado Mombasa: tamko linaingizwa na kodi inalipwa Kampala kabla lori halijatoka bandarini. Kwa hiyo faili linafunguliwa siku kadhaa kabla mtu yeyote hajajua ni lori gani litabeba. Lakini mfumo wangu ulikataa kuhifadhi faili lisilo na lori. Akajaribu nukta, ukakataa. Akajaribu sifuri tupu, ukakataa, unataka herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja. Akajaribu namba moja ya uongo kwa mafaili yote, ukasema namba hiyo imeshatumika. Akatunga ukoo mzima. Alianza na JIN 000A, akaenda mpaka Z, akaingia JIN 001A. Lori halisi likipatikana analiandika kwa penseli kwenye ile nafasi aliyoiacha. Kwenye mfumo harudi kusahihisha, kwa sababu kubadilisha namba ya lori kunataka idhini ya meneja aliye Kampala.

Nilihesabu: JIN 008C ni lori la 211.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja siku ya kuzindua, mkapiga picha. Uliniuliza kama rangi za skrini zinapendeza."

Ni kweli. Nina ile picha.

8 Mei

Kadi za kusomea. Nimekata makaratasi, upande mmoja dhana, upande wa pili maelezo kwa maneno ya kwetu. Dhana kuu za taaluma hii ni 6: badiliko, hitaji, suluhisho, mdau, thamani, muktadha. Ziandike kwenye kiganja, maana kila kitu kinarudi hapo. Mteja akija anasema "nataka app", amekuletea suluhisho. Hitaji liko nyuma yake, na mara nyingi halina uhusiano wowote na simu.

Yaliyonisumbua zaidi ni mapacha wawili wanaofanana kwa Kiingereza mpaka kwenye matamshi. Mmoja anauliza: hili hitaji limeandikwa sawasawa, linaeleweka, linapimika, halijipingi? Mwingine anauliza: je, ndilo lenyewe, likitimizwa litamletea mwenye shida kile alichokitaka? Wa kwanza, "verify", nimemwita kukagua. Wa pili, "validate", nimemwita kuhalalisha. Kisanduku cha lori kilikuwa kimekaguliwa vizuri sana, hata mpangilio wa herufi na tarakimu ulikuwa umebainishwa. Hakuna aliyekihalalisha.

Ile hadithi ya Malaba sijamwambia bosi. Naisomea kwanza.

9 Julai

Wiki hii ofisi nzima imegeuka wanafunzi wangu. Baraza la Mawaziri limeridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, na tarehe 7 ndiyo ilikuwa Siku ya Kiswahili Duniani kwa mara ya kwanza. Mhasibu wetu, ambaye miaka yote amekuwa akisema Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi, amenisimamisha kwenye ngazi kuniuliza "habari za mchana" hujibiwaje.

Mimi nina darasa langu tayari. Tuko watatu kwenye kundi la WhatsApp: kaka mmoja wa benki Nairobi, dada mmoja wa Dodoma anayefanya kazi kwenye mifumo ya hospitali, na mimi. Tunatumiana sauti. Mtihani ni wa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, lakini tumegundua kwamba mtu akishindwa kueleza dhana kwa Kiswahili ndani ya dakika mbili, hajaielewa, ameikariri tu. Dada wa Dodoma ni mkali. Nilipoeleza tofauti ya mahitaji ya biashara na mahitaji ya wadau, alinijibu: "Kaka yangu, umezunguka mji mzima hujafika nyumbani. Rudia." Nikarudia mara tatu. Mahitaji ya biashara ni kwa nini tunaanza safari. Mahitaji ya wadau ni kila abiria anashukia wapi. Mahitaji ya suluhisho ni gari liweje. Na ya mpito ni yale ya muda tu, kama kuhamisha mizigo kutoka gari la zamani, yakiisha yanatupwa. Akasema sasa umefika.

20 Agosti

Mitihani ya majaribio: 58, 64, 61, 71, 70. Hizo ni asilimia. Alama ya kufaulu haitangazwi, kwa hiyo mtu unapigana gizani.

Bando la data linakwisha kama sukari ya nyumba yenye wageni.

Nimeangalia mgawanyo wa maswali na kujipangia. Kuchanganua mahitaji ni asilimia 32 ya mtihani, kuchimbua 20, kutunza mahitaji 18, kupanga 12, mkakati 12, kupima suluhisho 6. Nimeamua kuwekeza kwenye hiyo 32 na hiyo 20. Kutunza mahitaji nimeisoma mara moja. Ni makaratasi tu, nani aliidhinisha nini, toleo la ngapi. Nitaikisia.

17 Septemba

Nimeanguka.

Nilichagua alfajiri kwa sababu umeme wa mtaa wetu hutulia saa hizo na mtandao hauna watu. Mtihani unafanyika nyumbani, msimamizi anakutazama kwa kamera. Unamwonyesha chumba kizima, kuta, chini ya meza, hata mikono yako kama mtu anayenawa. Mke wangu aliwapeleka watoto kwa dada yake tangu jana. Nikaanza. Dakika kama kumi ndani, adhana ikaanza msikiti wa jirani. Kisanduku cha maandishi kikafunguka: msimamizi anauliza sauti hiyo ni ya nani, kuna mtu chumbani? Nikaandika kwamba ni mwito wa sala, wa kipaza sauti, siwezi kuuzima. Akataka nionyeshe chumba tena. Nikazungusha laptopu, adhana ikiendelea, jasho likinitoka.

Sitaki kuitupia adhana lawama. Iliisha mapema kuliko wasiwasi wangu. Maswali yenyewe siyaandiki, nimesaini masharti ya siri. Naweza kusema nilivyoyajibu: niliyajibu kama mtu wa ofisi yetu. Kila nilipoulizwa mchambuzi afanye nini, nilifikiria ambacho mimi ningefanya, yaani kumpigia mtu simu na kulimaliza. Kwenye majibu manne, hilo la simu lilikuwepo mara nyingi, linapendeza, na sasa nadhani lilikuwa mtego.

Mke wangu alirudi saa nne na chapati. Hakuuliza. Aliona uso.

24 Septemba

Wanakupa mchoro wa jinsi ulivyofanya kwenye kila eneo. Kuchimbua, juu. Kuchanganua, wastani mzuri. Kutunza mahitaji, chini kabisa, mstari mfupi kama kiberiti. Nimerudi kwenye jedwali la Februari. Saa 310. Jedwali lilikuwa limeshaniambia.

Kundi la WhatsApp: kaka wa Nairobi amefaulu CBAP yake mwezi huohuo, akaficha siku tatu ili asiniumize. Nilipojua nikamtukana kidogo, kirafiki.

12 Novemba

Nimeacha kadi. Nimeamua kulisoma eneo hilo kwa kulifanya.

Kutunza mahitaji kuna kazi tano. Kufuatilia nasaba ya hitaji: limetoka kwa nani, linahudumia lengo gani, limezaa kipande gani cha mfumo. Kulihifadhi lisichakae. Kulipa kipaumbele. Kutathmini badiliko likiombwa. Kupata idhini. Nikachukua hitaji moja tu: "namba ya lori ni ya lazima". Nikaanza kuitafuta nasaba yake, kama mtu anayetafuta ukoo kabla ya posa.

Kwenye waraka wangu wa 2019 lipo, mstari mmoja, halina chanzo. Kumbukumbu za vikao hazina kitu. Nikaingia kwenye barua pepe, nikatafuta neno "lori", zikaja mia kadhaa. Siku tatu za jioni. Hatimaye nikaipata, ya Juni 2019, kutoka kwa meneja wa usafirishaji wa wakati huo: anaomba kila faili liwe na namba ya lori "ili nipate ripoti ya kila wiki ya malori yanayotubebea". Hakusema iwe lazima tangu faili linapofunguliwa. Hilo niliongeza mimi, nadhani kwa kupenda usafi. Yule meneja aliondoka 2020. Nafasi yake haikujazwa, kazi zake ziligawanywa kwa watu watatu.

Na ripoti? Nikamwuliza kijana wa programu. Inatoka kila Jumatatu saa mbili asubuhi, inakwenda kwenye anwani ya yule meneja aliyeondoka, na nakala kwa bosi. Nikafungua ya wiki hiyo. Ukurasa wa kwanza, msafirishaji anayeongoza kwa idadi ya malori katika kampuni yetu mwaka mzima: JIN.

Nikaenda kwa bosi na karatasi mkononi. Akavaa miwani. "Hawa JIN ni kina nani? Mbona siwajui na tunawapa kazi nyingi hivi?" Nikamweleza. Alicheka mpaka mhasibu akachungulia. Kisha akaacha kucheka, akauliza swali ambalo BABOK ina mbinu kadhaa za kulijibu: "Kwa hiyo tumekuwa tukilipia ripoti ya mashetani kwa muda gani?"

Nilitaka kumpigia kijana wa programu simu aondoe ulazima jioni hiyohiyo. Nikajizuia. Nikatathmini badiliko kama kitabu kinavyotaka: nani mwingine anasoma kisanduku hicho? Ikawa vizuri nilivyojizuia. Ankara za gharama za kusubiri zinavuta namba ya lori kutoka hapohapo. Tungekiacha wazi mpaka mwisho, ankara zingetoka na pengo. Pendekezo likawa: kisiwe cha lazima faili linapofunguliwa, kiwe cha lazima kabla ya kufunga, na karani aweze kusahihisha mwenyewe. Nikaandika ukurasa mmoja, wadau wanne wakasaini. Utekelezaji, robo ya kwanza ya 2023.

26 Desemba

Krismasi. Sikusoma. Nilikula.

18 Februari 2023

Nimefaulu.

Safari hii niliweka saa tatu asubuhi, adhana ya alfajiri ikiwa imeshapita na ya adhuhuri ikiwa mbali. Niliazima kwa jirani betri yake kubwa ya kuwekea akiba ya umeme, haikuhitajika. Kila swali nililisoma mwisho kwanza, wanauliza nini, ndipo nikarudi juu kwenye kisa. Na kila jibu la kupiga simu nililiuliza: umeshajua hitaji hili limetoka wapi? Maswali ya eneo nililolidharau niliyatambua yanapoingia, kama unavyotambua mwendo wa mtu wa kwenu barabarani.

Zilibaki dakika 11. Nikabofya kumaliza, ukurasa ukazunguka kidogo, halafu likaja neno. Hakuna alama, ni umefaulu au umeanguka tu. Nilikaa nikilitazama mpaka msimamizi akaandika kwamba naweza kuondoka.

Dada wa Dodoma ametuma sauti ya sekunde 40, yote ni vigelegele. Yeye anafanya Mei. Cheti hiki si cha milele: kila miaka 3 unaonyesha vitengo 60 vya kujiendeleza, la sivyo kinalala. Bosi ameshauliza kama CCBA inaweza kuandikwa kwa herufi kubwa zaidi kwenye kadi yangu ya biashara.

18 Machi, Malaba

Badiliko limewekwa juzi usiku. Nimekuja mwenyewe, na hakuna aliyepiga picha.

Hajati akafungua faili jipya. Mwenye mzigo, namba ya kontena. Akafika kwenye lori. Mkono ukaenda kwenye droo wenyewe, nikamwambia, "Ruka." Akanitazama. Akaruka, akabofya kuhifadhi, akarudisha mikono mapajani na kusubiri, kama mtu aliyemwuliza mkwe swali gumu. Faili likahifadhika. Akafungua jingine, akaruka tena, likahifadhika.

"Basi? Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, Hajati."

"Na ndilo lililokuchukua mwaka mzima wa kusoma?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia usiku tutayasafisha yale ya zamani, tuweke namba halisi kutoka kwenye daftari lake, JIN zote zifutike. Amefika JIN 014X. Malori 388. Akalitoa lile kaunta buku, akanihesabia kurasa za kupiga picha kwa simu, moja moja, akinisimamia kama yule msimamizi wa kamera. Nilipomaliza nikanyoosha mkono nilichukue niende nalo Kampala.

Akalirudisha kwenye mkoba wake, akafunga zipu. "La kwenye kompyuta futeni. Hili ni langu."